Mlango Ni wa Aliye Ndani

(Hotuba niliyoitoa kwenye mkutano wa wakazi na madiwani kuhusu rasimu ya sheria ndogo ya uuzaji, uchangishaji na kampeni za nyumba kwa nyumba. Naiweka yote hapa kwa ajili ya waliokosa kufika.)

Ndugu Mwenyekiti, waheshimiwa madiwani, wazee wetu, kina mama na kina baba, na ninyi vijana mliosimama huko nyuma kwa kukosa viti: asanteni kwa kunipa nafasi.

Rasimu mmeisoma. Ni fupi, na kiini chake ni sentensi moja: mtu yeyote atakayebisha hodi kwenye nyumba ambayo hakualikwa, awe anauza, anachangisha au anapiga kampeni, lazima awe na kibali cha ofisi, asiye nacho atatozwa faini. Nimewasikia wengi mkisema: safi kabisa, tumechoka. Na mliyochoka nayo nayajua. Umetoka zamu ya usiku, ndiyo kwanza usingizi unakuchukua, kengele inalia. Umembeleza mtoto saa nzima, amelala, mlango unagongwa. Mzee wako yuko peke yake nyumbani, unarudi jioni unakuta karatasi mezani yenye saini yake, na yeye mwenyewe hawezi kukueleza ametia saini kitu gani.

Lakini kuna swali ambalo rasimu hii haikujiuliza. Mlango ni wa nani?

Ni wa muuzaji, kwa kuwa ana haki ya kutafuta riziki? Ni wa ofisi, kwa kuwa ina haki ya kulinda amani? Au ni wa yule aliye ndani? Nimekuja kusema ni wa yule aliye ndani, na kwamba kila kifungu tutakachokiandika tukipime kwa hilo. Kama kinamwongezea nguvu aliye ndani, tukiweke. Kama kinamnyang'anya uamuzi na kuupeleka ofisini, tukitoe, hata kama kinatupendeza leo.

Niwaeleze kwanza kwa nini jambo hili linanigusa.

Nilipokuwa na miaka ishirini na mmoja niliuza vichujio vya maji nyumba kwa nyumba. Tulifundishwa siku mbili ukumbini. Hatukufundishwa sana habari za maji. Tulifundishwa majibu. Akisema "sina pesa", jibu hili. Akisema "nitafikiria", jibu hili. Akisema "ngoja nimuulize mwenzangu", hapo ndipo usimwache kabisa, maana akishauliza umempoteza. Tukayakariri kama sala.

Wahenga walisema akufukuzaye hakwambii toka. Mtu mwenye adabu hakuambii ondoka. Anatazama saa, anasema kuna kitu jikoni, anashika kitasa cha mlango. Sisi tulifundishwa kutoyaona hayo. Adabu ya mwenye nyumba ndiyo tuliyoigeuza ngazi ya kupandia.

Jioni moja nilimkuta mama mmoja, mtu mzima, anaishi peke yake. Alinikaribisha ukumbini kwake kwa sababu nilionekana nimechoka. Nilikaa saa moja na nusu. Alisema, "Ngoja nimpigie binti yangu." Nikampa jibu nililofundishwa. Giza lilipoingia alitia saini mkataba wa malipo ya kila mwezi, na nadhani alitia saini ili niondoke. Nilirudi kambini nikapigiwa makofi.

Asubuhi yake mama yule akapiga simu kwenye namba iliyokuwa kwenye karatasi, akasema amebadili mawazo. Akajibiwa kwamba mkataba ni mkataba. Wiki iliyofuata binti yake akanikuta njiani. Hakunitukana. Aliniuliza swali moja tu: "Kijana, mama alikuambia hapana mara ngapi?"

Idadi nilikuwa naijua. Zilikuwa mara nne.

Sikuvunja sheria yoyote, ndugu zangu. Hakukuwa na ya kuvunja. Na hata kama rasimu yetu hii ingekuwepo siku ile, isingemsaidia mama yule hata kidogo, kwa sababu kampuni ingelipia kibali asubuhi na jioni ningekuwa pale pale kwenye kiti chake, na safari hii nikiwa na kibali kifuani.

Sasa tuangalie waliotutangulia. Nitachukua mifano mingi kutoka Marekani, kwa sababu mabishano haya yamefika mahakamani huko mara nyingi na majibu yake yameandikwa.

Kuna mji mdogo jimbo la Wyoming unaitwa Green River. Ulikuwa mji wa reli. Wafanyakazi wengi wa reli walikuwa kazini usiku, wakalala mchana, na mchana ndio saa za wauzaji. Mwaka 1931 mji ukatunga sheria: kwenda kwenye nyumba ya mtu kuuza kitu bila kualikwa ni kero, na kero hiyo ni kosa. Kampuni moja ya brashi ikaenda kushtaki. Mwaka 1933 mahakama ya rufaa ikasema mji uko sahihi. Miji mingine ikaiga, na hadi leo Wamarekani wakisema sheria ya Green River wanamaanisha sheria ya aina hiyo. Mwaka 1951 Mahakama ya Juu nayo ikaunga mkono sheria kama hiyo ya mji wa Alexandria, Louisiana, dhidi ya mtu aliyekuwa akiuza usajili wa majarida.

Sasa sikilizeni mji wa pili. Struthers, Ohio. Mji wa viwanda vya chuma. Wafanyakazi wengi wako zamu ya usiku, wanalala mchana. Shida ni ile ile, si ndiyo? Nao wakatunga sheria: ni marufuku kugonga mlango au kupiga kengele ili kumwita mtu aje apokee karatasi za matangazo. Mwanamke mmoja wa Mashahidi wa Yehova akapita akigawa mialiko ya mkutano wa dini. Akakamatwa, akatozwa faini ya dola 10. Kesi ikapanda hadi Mahakama ya Juu, na mwaka 1943 mwanamke akashinda, kura 5 kwa 4.

Miji miwili, usingizi ule ule, hukumu mbili tofauti. Kwa nini?

Jaji Hugo Black aliandika hoja ambayo ningependa kila diwani hapa aondoke nayo. Alisema mji ule ulichukua uamuzi wa jamii ukauweka mahali pa uamuzi wa mwenye nyumba. Yaani ulimtoza mwanamke yule faini hata pale ambapo aliye ndani alikuwa na furaha kupokea mwaliko wake. Kama mtu hataki kusumbuliwa, akasema, aweke tangazo mlangoni, na anayelipuuza tangazo hilo ndiye aadhibiwe.

Tofauti ya pili ni kwamba yule wa brashi alikuja na bidhaa, na mwanamke wa Struthers alikuja na neno. Neno limepewa ulinzi mkubwa zaidi. Ni kweli kwamba tangu katikati ya miaka ya 1970 mahakama za kule zimeanza kulinda kwa kiasi hata maneno ya biashara, na kwa hiyo sheria ya Green River leo haisimami kwa miguu imara kama zamani. Lakini ngazi bado ipo: kuzuia biashara kunahitaji sababu, na kuzuia neno kunahitaji sababu nzito sana.

Mnaona tangazo la mlangoni lilivyotajwa? Tangazo. Kitu kidogo kabisa. Kwenye rasimu yetu halimo! Tumeandika kibali, faini, ofisi, mhuri, na chombo pekee kinachobaki mkononi mwa aliye ndani tumekisahau. Napendekeza kiwe kifungu cha kwanza: nyumba yenye tangazo la kukataa wageni wa aina hiyo haibishwi hodi na muuzaji wala mchangishaji, na anayebisha amekosa. Anayetaka wote waje, asiweke. Anayetaka wanasiasa waje na wauzaji wasije, aandike hivyo. Kila nyumba itakuwa na sheria yake, na hakuna atakayemwamulia jirani.

Nije kwenye kibali, maana hapa ndipo tutakapobishana, na ni vizuri tubishane.

Mwaka 1938 Mahakama ya Juu ya Marekani ilisikiliza kesi ya Griffin, Georgia. Mji ule ulikataza kugawa maandishi ya aina yoyote bila idhini ya maandishi ya meneja wa jiji. Mwanamke mmoja akagawa machapisho ya dini bila idhini. Faini dola 50, na asipolipa kifungo siku 50. Mahakama ikaifuta sheria yote, kwa sababu mtu mmoja ofisini alikuwa amepewa ufunguo wa midomo ya watu wote.

Mtasema hiyo ni zamani. Haya, mwaka 2002. Kijiji cha Stratton, Ohio, wakazi wasiofika mia tatu. Sheria yake ilifanana na yetu sana: yeyote anayekwenda nyumba kwa nyumba kutangaza jambo lolote achukue kibali ofisini kwa meya. Kibali chenyewe kilikuwa bure, mnajaza fomu tu. Majaji 8 kwa 1 waliikataa. Jaji Stevens aliona ni jambo la kuudhi, katika jamii iliyo huru, mwananchi kulazimika kuiarifu serikali kwanza kwamba anataka kuzungumza na jirani yake, kisha asubiri ruhusa.

Hebu tujiweke hapo. Bomba limepasuka mtaani kwenu, maji machafu yanapita mbele ya milango, na ofisi haisikii. Jumamosi asubuhi unaamua kupita nyumba ishirini kuomba saini. Kwa rasimu yetu, kwanza uende ofisini. Ofisi ile ile isiyosikia. Uandike jina lako, ueleze unataka kusema nini kuhusu ofisi, kisha uisubiri ikupe ruhusa ya kuilalamikia. Jumamosi ofisi imefungwa. Ni nani kati yetu aliyekusudia hilo? Najua hakuna. Lakini ndivyo ilivyoandikwa.

Na kuna jambo ambalo watu wa kampeni wanalijua kwa miguu yao, na wasomi nao wamelipima. Mwaka 1998, mjini New Haven, Connecticut, wanasayansi wa siasa Alan Gerber na Donald Green walifanya jaribio kubwa kwa wapiga kura wapatao 30,000. Wengine walitembelewa nyumbani, wengine wakapigiwa simu, wengine wakatumiwa barua, wengine wakaachwa. Waliotembelewa ana kwa ana walijitokeza kupiga kura zaidi kwa kiwango kinachoonekana wazi. Simu hazikufua dafu. Barua zilisaidia kidogo tu. Mtu kusimama mbele ya mtu bado kuna nguvu ambayo hakuna kifaa kilichoirithi. Na nani anaitegemea zaidi nguvu hiyo? Asiye na fedha za matangazo. Mgombea tajiri ana redio na mabango. Mgombea maskini ana viatu. Ukifunga milango, umemfungia nani?

Nisifiche kwamba zipo nchi zilizochagua njia nyingine. Japani ilikataza kampeni za nyumba kwa nyumba mwaka 1925, katika sheria ile ile iliyowapa wanaume wote wazima haki ya kupiga kura, na katazo hilo lipo hadi leo. Hofu yao ilikuwa rushwa: mtu akiingia ndani na bahasha, nani atamwona? Hofu hiyo si ya kipuuzi. Mahakama yao ya juu imelikubali katazo hilo mara kwa mara. Mimi naona wamelipa bei kubwa kwa ajili ya hofu hiyo, kwa sababu bahasha inaweza kupita mahali pengi, ila mazungumzo ya mlangoni hayana mbadala. Lakini mwenzangu anayeona tofauti nitamsikiliza.

Na usalama je? Swali hili limeulizwa na mama aliyekaa pale mbele kabla sijapanda hapa, na ni swali zito. Hata katika kesi ya Stratton jaji mmoja aliyepinga, Jaji Mkuu Rehnquist, alianza na kisa cha kutisha: mwaka 2001, Hanover, New Hampshire, walimu wawili wa chuo kikuu, mume na mke, waliuawa ndani ya nyumba yao na vijana wawili waliobisha hodi wakijifanya wanakusanya maoni ya utafiti. Nikikisoma kisa kile moyo wangu husimama. Sitawaambia kwamba hatari haipo.

Ila nauliza: kibali kingewazuia? Aliyekuja kuua hasimami foleni kuomba kibali. Hukumu ya majaji walio wengi ilisema hivyo pia: mhalifu atasema anaomba kutumia simu, atasema anahesabu watu, atasema anauliza njia, na kibali hakitamzuia. Kibaya zaidi, kibali kinaweza kumlegeza aliye ndani. Anaona karatasi yenye mhuri, anafungua mlango wote, wakati mhuri ule unasema tu kwamba mtu alijaza fomu. Linalomlinda mtu ni kujua kwamba hawajibiki kufungua, kwamba anaweza kuzungumza mlango ukiwa umefungwa, na kwamba akisema ondoka na mtu asiondoke, hilo lenyewe ni kosa na polisi watakuja. Kifungu hicho nacho hakimo.

Kwa hiyo napendekeza mstari wa wazi. Anayekuja kuuza, ajisajili. Ni biashara, na biashara nyingine zote zimesajiliwa. Anayekuja kuchukua fedha za hisani, ajisajili. Anayekuja na neno tu, siasa, dini, malalamiko ya mtaa, hana haja ya ruhusa ya mtu ila ya yule aliye ndani.

Kuhusu wachangishaji nitasimama kidogo, kwa sababu hapa huruma yetu hutupoteza pande mbili.

Rasimu ina kipengele kinachosema chama kisichopeleka angalau robo tatu ya makusanyo kwa walengwa kisipewe kibali. Kinasikika vizuri mno. Kilisikika vizuri pia Schaumburg, Illinois, nao waliweka kiwango kile kile, asilimia 75. Likaja shirika la mazingira ambalo kazi yake ilikuwa utafiti na kuwaelimisha watu wakiwa milangoni pao. Walengwa wake ni nani? Fedha zake nyingi zinalipa watu, kwa sababu watu ndio kazi yenyewe. Kwa hesabu ya mji ule, mtafiti ni gharama na blanketi ni msaada. Mwaka 1980 Mahakama ya Juu ikasema kipimo hicho hakimtenganishi mwizi na mwaminifu. Chama kipya nacho, chenye jambo lisilopendwa na wengi, hutumia zaidi kuchangisha kidogo. Je, hicho ni cha kitapeli?

Basi tuwaachie matapeli? La, hasha. Mwaka 2003 mahakama ile ile, majaji wote kwa kauli moja, iliruhusu jimbo la Illinois kuwashtaki wachangishaji wa simu waliokuwa wakichangisha kwa jina la maveterani wa vita. Walibaki na asilimia 85 ya fedha, huku wakiwaambia watoaji kwamba sehemu kubwa inawafikia maveterani. Mnaona kosa lilipo? Asilimia 85 peke yake haikuwa kosa. Kosa ni uongo uliosemwa kwa mtoaji. Hapo ndipo sheria ishike: mchangishaji akiulizwa, aseme yeye ni nani, analipwa au anajitolea, na fedha zinakwenda wapi, na akidanganya, tumshike kwa udanganyifu.

Waingereza wana sheria ya mwaka 1939 ya michango ya nyumba kwa nyumba ambayo nimeipenda kwa udogo wa mambo yake. Mchangishaji anabeba cheti na beji. Fedha zinaingia kwenye kopo lililofungwa kwa lakiri, au zinaandikiwa stakabadhi. Kanuni za mwaka 1947 zikaongeza kwamba asimsumbue mtu hadi kumkera, wala asibaki mlangoni akiambiwa aondoke. Beji, kopo, stakabadhi, kuondoka. Ni vitu ambavyo bibi wa miaka themanini anaweza kuvikagua mwenyewe, kwa macho yake, bila kupiga simu ofisini. Hiari yashinda utumwa, na anayetoa kwa hiari anastahili kuona mkono unaopokea.

Sasa nirudi kwa mama yangu wa kichujio.

Kama ningepewa kuandika kifungu kimoja tu, ningeandika hiki. Marekani, tume ya biashara ya taifa ilitoa kanuni mwaka 1972: anayenunua kwa muuzaji aliyemfuata nyumbani ana siku tatu za kazi za kughairi, hadi usiku wa manane wa siku ya tatu, bila kutoa sababu. Muuzaji anatakiwa amwachie fomu ya kughairi, nakala mbili, moja ya kutuma na moja ya kubaki nayo. Afrika Kusini, kwa sheria ya mwaka 2008, ni siku tano za kazi. Umoja wa Ulaya ulianza na siku saba mwaka 1985, ukapanda hadi kumi na nne kwa sheria ya mwaka 2011, na sasa nchi wanachama zinaruhusiwa kuzifikisha thelathini kwa muuzaji aliyekuja nyumbani bila kualikwa.

Kwa nini nyumbani peke yake, na dukani hapana? Kwa sababu dukani unaweza kutoka. Ukichoka na muuzaji wa duka, unageuka unaondoka, na miguu yako ndiyo hapana yako. Nyumbani unaondokaje? Unakwenda wapi? Umekaa kwenye kiti chako na yeye amekaa mbele yako. Siku zile za kughairi ndiyo miguu anayorudishiwa mwenye nyumba. Usiku analala, asubuhi anampigia binti yake. Ile simu niliyoizuia mimi, sheria inaipigisha.

Najua mtaniambia mambo ya mikataba ni ya serikali kuu, si ya sheria ndogo. Sawa. Lakini sharti la usajili ni letu. Tunaweza kusema: muuzaji anayetaka kusajiliwa hapa atamwachia mteja karatasi inayoeleza kwa lugha anayoielewa haki yake ya kughairi kama ilivyo katika sheria za nchi, na namna ya kuitumia. Asiyeiacha, usajili wake unafutwa. Hilo liko ndani ya uwezo wetu kabisa.

Saa. Hili nitalipitia haraka. Rasimu inasema mwisho saa 12 jioni. Kwa nini saa 12? Nimeuliza, hakuna anayejua. Castle Rock, Colorado, waliweka mwisho saa 1 usiku kwa wauzaji. Kampuni ya kuua wadudu ikashtaki, na mwaka 2020 mahakama ya rufaa ikasema mji umeshindwa kuonyesha ushahidi kwamba baada ya saa ile uhalifu au kero huongezeka kwa sababu ya wauzaji. Tuwaulize wakazi, tukusanye malalamiko yaliyopo, tuandike saa yenye sababu.

Kuna mtu mmoja ambaye sijamtaja, na ndiye nilikuwa mimi. Yule aliye nje ya mlango.

Tunamwona kama kero. Mara nyingi ni kijana wa miaka kumi na tisa asiyelipwa chochote isipokuwa kamisheni, aliyeletwa na gari asubuhi mahali asipopajua, na hataondoka hadi gari lirudi usiku. Marekani kuna vikundi vya vijana wanaozungushwa jimbo hadi jimbo wakiuza majarida. Mwaka 1999, karibu na Janesville, Wisconsin, gari la kikundi kama hicho lilikuwa likifuatwa na polisi. Dereva hakuwa na leseni halali. Akajaribu kubadilishana kiti na mwenzake huku gari linakwenda. Likapinduka. Vijana saba walikufa.

Ilichukua miaka kumi, na mzazi mmoja aliyempoteza binti yake hakuacha kuwasumbua wabunge, ndipo mwaka 2009 jimbo lilipopata sheria: vikundi hivyo visajiliwe, magari yawe salama, na walio chini ya miaka kumi na minane wasitumwe kabisa. Miaka kumi akibisha hodi kwenye milango ya watunga sheria. Kama angehitaji kibali cha kubisha, sijui.

Kwa hiyo ndugu zangu, faini iliyomo kwenye rasimu yetu inamwangukia nani? Inamwangukia kijana aliye mlangoni. Aliyemfundisha majibu, aliyemtuma, aliyemshusha kwenye gari, jina lake halimo popote. Naomba libadilishwe neno moja tu katika kifungu cha tano: badala ya "muuzaji" iandikwe "mwajiri wake". Kampuni ndiyo isajiliwe, kampuni ndiyo itozwe. Mtaona wenyewe mafunzo ya ukumbini yatakavyobadilika upesi.

Ndugu Mwenyekiti, muda wangu umekwisha na mzee pale ameshanionyesha saa. Nimeleta nakala hamsini za mapendekezo, ziko mezani karibu na mlango. Kalamu zipo. Pembeni nimeacha nafasi kubwa makusudi, ili kila mtu aandike mlango wake anautaka uwe vipi, na nakala hizo zote nitazipeleka Jumatatu kwenye kamati kama zilivyo, pamoja na zile zinazonipinga.